Pua Isiyoridhisha Baada ya Upasuaji: Kungoja, Kudungwa Sindano au Kupasuliwa Tena?

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa pua asiridhike na matokeo huwa na njia nne mbele yake: angoje, adungwe sindano, afanyiwe marekebisho madogo, au apasuliwe tena kwa upasuaji mkubwa wa kuijenga pua upya. Mara nyingi njia hizi hulinganishwa kwa gharama, maumivu na siku za kujiuguza, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni kama kasoro iko kwenye umbo peke yake au mihimili inayoishikilia pua imepungua nguvu. Kasoro ya umbo huweza kupungua yenyewe, kufichwa, au hata kuachwa ilivyo bila madhara yoyote. Pua iliyolegea haifichiki kwa muda mrefu, na tiba inayofaa kwa kasoro ya kwanza mara nyingi haiisaidii ya pili. Wasioridhika kiasi cha kurudi kupasuliwa si wachache: kiwango kinachotajwa sana na madaktari wa fani hii ni kati ya asilimia 5 na 15 ya waliofanyiwa upasuaji wa kwanza.

Umbo au uimara?

Theluthi ya juu ya pua ni mfupa, na sehemu iliyobaki ni gegedu, yaani kitu kigumu kiasi lakini kinachopindika, kama kile cha sikio. Katikati umo ukuta unaotenganisha matundu mawili, ambao sehemu yake ya mbele nayo ni gegedu, na ndio unaoubeba mgongo wa pua na kusaidia kuishikilia ncha. Daktari anapochukua gegedu kutoka kwenye ukuta huo, iwe ni kwa kuunyoosha au kwa kupata vipande vya kupandikiza mahali pengine, anatakiwa aache fremu yenye umbo la herufi L, mkono mmoja ukipita chini ya mgongo wa pua na mwingine ukishuka kwa mbele hadi juu ya mdomo. Upana wa milimita 10 kwa kila mkono huchukuliwa kuwa mpaka wa chini kabisa, na wengi hupendelea kuacha milimita 15. Fremu hiyo ikipunguzwa kupita kiasi, au ikiachana na mfupa pale inapokutana nao kwa juu, pua huanza kubonyea katikati. Huenda isibonyee katika mwezi wa kwanza, wakati uvimbe bado unaijaza, bali baadaye kabisa, kovu linapokaza na kuvuta kila kilicho dhaifu.

Mahali pa pili penye udhaifu ni pale gegedu la pembeni la juu linapokutana na ukuta wa kati. Hapo pana pembe ya nyuzi 10 hadi 15 hivi, nayo ndiyo sehemu finyu kuliko zote katika njia ya hewa. Nundu ya pua inapochongwa, muungano huo hukatwa, na usipojengwa tena magegedu ya pembeni huangukia ndani. Hewa hupita kwa taabu, na kwa nje huonekana kivuli cha V iliyopinduliwa pale mfupa unapoishia. Ndiyo maana ni kosa kuligawa lalamiko la sura na lalamiko la pumzi kana kwamba ni mambo mawili: mtu anaweza kuchukizwa na kivuli anachokiona kwenye picha, asijue kwamba kivuli hicho na ile tabia mpya ya kulala mdomo wazi vina chanzo kimoja.

Mahali pa tatu ni magegedu ya ncha. Yakipunguzwa mno ili ncha iwe nyembamba, kuta za matundu hukosa wa kuzizuia, hunyonywa ndani kila mtu anapovuta pumzi, na ncha huonekana imebanwa kama kwa vidole.

Yapo mambo machache ambayo mtu anaweza kuyaangalia mwenyewe kabla ya kwenda kwa daktari. Simama mbele ya kioo chenye mwanga wa kutosha, funga mdomo, vuta hewa kwa kasi kidogo kuliko kawaida, kisha utazame kama ukuta wa tundu unaingia ndani, na kama unaingia upande mmoja au pande zote mbili. Bandika plasta ya pua, ile wanayoivaa wanariadha na watu wanaokoroma: ikiwa pumzi inafunguka dhahiri, kuna uwezekano mkubwa kwamba kuta za pembeni ndizo zimelegea. Kinyume chake, ikiwa plasta haikubadilisha kitu lakini dawa ya kupuliza ya kuzibua pua ilifungua njia ndani ya dakika chache, basi huenda kinachoziba ni utando uliovimba kwa mzio au mafua, na upasuaji wa pili hautakigusa. (Dawa hizo, kama oksimetazolini, zisitumiwe zaidi ya siku chache mfululizo, kwa sababu pua huzizoea na kuziba zaidi zinapoachwa.) Jaribio la kulivuta shavu pembeni kwa vidole, linalojulikana kwa jina la Cottle, lina umaarufu kuliko linavyostahili, kwani hata pua isiyo na kasoro hupumua vizuri zaidi shavu likivutwa. Daktari makini huingiza kijiti chembamba ndani ya tundu na kuinua sehemu moja moja kwa kadiri ndogo sana, huku akimwuliza mgonjwa ni wapi hasa pumzi ilipofunguka. Pia huibonyeza ncha kwa kidole na kuiachia ili aone kama inarudi mara moja au inabaki imelala, na hupapasa ukuta wa kati kwa kijiti chenye pamba, kwa sababu palipobaki gegedu pana ukinzani na palipoondolewa panachezacheza kama pazia.

Kuna ishara zinazotisha bure. Ncha ngumu, yenye ganzi na isiyokunjuka vizuri mtu anapocheka kwa miezi kadhaa baada ya upasuaji haimaanishi kwamba pua imeharibika, na tena mara nyingi ni dalili kwamba vipande vya kuitegemeza viliwekwa.

Kungoja dhidi ya kuharakisha

Mifupa iliyokatwa na kupangwa upya huungana kwa takriban wiki sita. Uvimbe mwingi huondoka ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kisha unaobaki hupungua polepole, na ncha ndiyo huwa ya mwisho. Kwa mwenye ngozi nyembamba umbo hutulia baada ya mwaka mmoja hivi, na kwa mwenye ngozi nene inaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu hata miwili. Kanuni iliyozoeleka ya kutoigusa pua kabla ya miezi 12 imetokana na hilo, wala si maneno ya kumpoza mgonjwa anayesumbua. Kovu changa lina mishipa mingi ya damu, tabaka zake zimegandana, na daktari anayeingia mapema hulazimika kukadiria mahali ambapo angepaswa kuona. Baya zaidi, anaweza kukata kitu ambacho kingepungua chenyewe.

Kwa hiyo, anayelalamikia ncha nene, mgongo usiolingana kidogo au tundu moja kuonekana kubwa kuliko lingine hapotezi chochote kwa kungoja, na mara nyingi hupata faida. Anayelalamikia pumzi iliyozibika naye hungoja, lakini kwa namna nyingine: aonane na daktari mapema ili chanzo kijulikane, atibiwe mzio kama upo, na ajaze dodoso la NOSE la kupima kuziba kwa pua, lililochapishwa mwaka 2004, lenye maswali matano na alama kuanzia 0 hadi 100 (kadiri zinavyopanda ndivyo pua inavyoziba zaidi), kisha alirudie kila baada ya miezi kadhaa. Alama zinazopanda badala ya kushuka zina uzito kuliko maelezo marefu. Pua inayoendelea kubonyea ni jambo jingine, kwa kuwa muda haumrudishii mtu gegedu lililoondolewa. Hata hivyo, hata hapo mara nyingi ni heri kulisubiri kovu lilainike kuliko kujenga juu ya kovu bichi.

Yapo machache yasiyongoja kabisa. Damu ikikusanyika ndani ya ukuta wa kati katika siku za mwanzo, pua huziba ghafla pande zote mbili na kuuma kwa namna ya kupwita. Inatakiwa itolewe haraka, kwani gegedu hulishwa na utando unaolifunika, na likitenganishwa nao linaweza kufa ndani ya siku chache. Usaha, homa, wekundu unaoenea, au kipandikizi kinachoanza kutokeza kwenye ngozi navyo ni vya kuwahishwa hospitalini siku hiyohiyo. Na mfupa uliosogea kwa kugongwa katika wiki moja au mbili za mwanzo unaweza kurudishwa kwa urahisi ambao hautapatikana tena baada ya kuungana.

Neno moja kuhusu picha. Simu iliyoshikwa karibu na uso huikuza pua kuliko ilivyo, na mtu anayejipiga picha kila asubuhi hujihukumu kwa kioo cha uongo. Picha moja kwa mwezi, iliyopigwa na mtu mwingine aliyesimama mbali kidogo, mwanga uleule na pembe ileile, humwonyesha daktari mengi kuliko mamia ya picha za kujipiga.

Sindano dhidi ya kisu

Sindano ni za aina mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe na kovu, kwa kawaida triamsinoloni, inayodungwa kwa kiasi kidogo sana juu kidogo ya ncha pale kovu linapojaa na kuifanya pua ionekane na mdomo wa kasuku. Inafaa ikiwa kilichojaa kweli ni kovu laini na ikiwa inatolewa wiki au miezi michache baada ya upasuaji, kabla kovu halijakomaa. Ikiwa kilichojaa ni gegedu ambalo daktari hakulipunguza vya kutosha, sindano haitalifanya lolote. Dozi kubwa au sindano iliyodungwa juujuu huifanya ngozi kuwa nyembamba, kubonyea, na kuonyesha vishipa vyekundu, na hiyo ni kasoro mpya isiyorekebishika kirahisi.

Ya pili ni sindano ya kujaza, kwa kawaida asidi ya haiyaluroniki, inayotumika kusawazisha mabonde na kuficha mpindo. Faida zake ni za kweli: haihitaji dawa ya usingizi, matokeo huonekana papo hapo, na mgonjwa asipoyapenda yanaweza kuyeyushwa kwa kimeng'enya cha haiyaluronidesi. Kwa mwenye bonde dogo upande mmoja wa mgongo wa pua, pumzi yake ikiwa nzuri, inaweza kumwepusha na upasuaji mzima.

Lakini pua ni miongoni mwa sehemu hatari zaidi za uso kwa sindano hizi. Mishipa yake imeungana na ile inayolilisha jicho, na kijazio kikiingia ndani ya mshipa kinaweza kuua ngozi ya ncha au kumpofusha mtu. Pua iliyokwisha kupasuliwa huongeza hatari hiyo: mishipa imehama mahali pake, mingine imekatwa na iliyobaki inabeba mzigo wa yote, na kovu limeigandisha kwenye gegedu kiasi kwamba haiwezi kuteleza kando sindano inapopita. Anayechagua njia hii na aangalie kwamba anayemdunga ni mtu anayeijua pua kwa ndani, na kwamba kimeng'enya cha kuyeyusha kiko chumbani. Vijazio vya kudumu, hasa silikoni ya majimaji, siwezi kumshauri yeyote avitumie puani, kwa kuwa haviyeyuki, huweza kuleta uvimbe miaka mingi baadaye, na kuviondoa kunahitaji kukata nyama yenyewe.

Kwa upande wa uimara, sindano imeshindwa tangu mwanzo. Kijazio ni kitu laini, hujaza lakini hakibebi. Kumjaza mtu ambaye mgongo wa pua yake unaendelea kushuka ni sawa na kuongeza turubai juu ya hema lililong'olewa nguzo, na uzito wenyewe haurudishi pumzi. Mara chache daktari hukidunga ndani kwenye pembe ile finyu ili kuisukuma ifunguke, lakini hiyo ni tiba ya muda, na mtu asiichukue kuwa mbadala wa vipande vya gegedu. Tena anayepanga kupasuliwa baadaye hana sababu ya kudungwa leo, maana kijazio kitamlazimu daktari kukiyeyusha kwanza na kungoja pua irudi katika umbo lake halisi ndipo apange kazi.

Marekebisho madogo dhidi ya kujenga upya

Marekebisho madogo ni yale ya kuparua kinundu cha mfupa, kupunguza gegedu lililobaki juu ya ncha, kusawazisha tundu, au kuweka kipande kimoja kufunika bonde. Mara nyingi hufanyika kwa mkato wa ndani ya tundu peke yake, wakati mwingine kwa ganzi ya mahali pale pale, na mtu hurudi kwenye shughuli zake baada ya siku chache. Yanafaa kwa pua iliyo imara. Kosa linalojirudia ni kuyatumia kwa pua dhaifu kwa sababu tu mgonjwa ameomba kitu kidogo. Kuparua zaidi mgongo unaoonekana mpana, wakati upana huo umetokana na sehemu ya katikati kuanguka, huondoa hata kile kidogo kilichokuwa kimebaki.

Upasuaji wa kujenga upya huwa mrefu, kwa kawaida saa tatu na kuendelea, kwa dawa ya usingizi kamili, na mara nyingi hufanywa kwa njia ya wazi, yaani kwa mkato mdogo kwenye nguzo ya nyama kati ya matundu ili ngozi iinuliwe na kila kitu kionekane. Kovu la mkato huo kwa watu wengi hufifia hata lisitambulike kwa mbali. Katika pua iliyopasuliwa zamani, naiona njia ya wazi kuwa na faida inayoshinda kovu hilo, kwa sababu daktari hawezi kupima kwa uhakika kile asichokiona. Hata hivyo, kuinua ngozi mara ya pili au ya tatu hupunguza damu inayofika kwenye ncha, na ndiyo maana kwa mvutaji wa sigara upasuaji huu ni hatari maradufu. Nikotini hubana mishipa, na madaktari wengi hukataa kumpasua mtu ambaye hajaacha kwa angalau wiki nne kabla, au atakayeshindwa kuendelea kuacha kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji. Plasta za nikotini na sigara za umeme hazina msamaha.

Kinachofanyika ndani hutegemea ni mhimili upi uliovunjika. Pembe finyu ya pumzi hufunguliwa kwa kuweka vipande virefu vyembamba kati ya ukuta wa kati na magegedu ya pembeni, mbinu ambayo daktari wa upasuaji Jack Sheen aliieleza mwaka 1984 na ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi hii. Kuta za matundu zinazonyonywa ndani hukazwa kwa vipande vilivyopinda kidogo, vinavyowekwa pale hasa zinapoangukia. Ncha iliyolala huinuliwa kwa kipande kinachofungwa kwenye ukuta wa kati na kuurefusha. Na mgongo uliobonyea hujengwa kwa kipande kizima kilichochongwa, au kwa gegedu lililokatwakatwa vipande vidogo na kufungwa ndani ya utando wa msuli kutoka juu ya sikio, ili lisionyeshe kingo chini ya ngozi nyembamba.

Mgonjwa anunue uimara huu akijua bei yake. Pua iliyojengwa kwa mihimili ni ngumu zaidi ikishikwa, ncha haiwezi tena kusukumwa juu kwa kidole kama zamani, na sehemu ya kati huweza kuwa pana kwa milimita moja au mbili kuliko mgonjwa alivyoitaka, kwa sababu upana huo ndiyo nafasi ya hewa. Uvimbe nao hukaa muda mrefu kuliko wa mara ya kwanza. Anayetaka pua nyembamba sana na pumzi iliyo wazi kabisa kwa pamoja, baada ya upasuaji ulioharibika, anataka vitu viwili vinavyogombania nafasi moja, na daktari anayemwahidi vyote bila kusita anastahili kuulizwa maswali zaidi.

Gegedu litoke wapi?

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo kwa anayehitaji kujengewa upya, na ndipo wagonjwa wengi hushtuka kuambiwa habari za ubavu walipokuja kwa habari ya pua.

Gegedu la ukuta wa kati wa pua ndilo bora likiwepo: limenyooka, ni gumu kiasi kinachofaa, na liko kwenye eneo lilelile la upasuaji. Shida ni kwamba daktari wa kwanza mara nyingi ameshalichukua, na kilichobaki ni ile fremu ya L ambayo haiguswi. Anayebahatika kuwa nalo bado hana sababu ya kufikiria chanzo kingine kwa kazi ndogo au ya wastani.

Gegedu la sikio huchukuliwa kutoka kwenye bakuli la sikio, kwa mkato wa mbele au wa nyuma, na sikio kwa kawaida halibadiliki umbo ikiwa ukingo wake unaolitegemeza umeachwa. Mpindo wake wa asili hulifanya lifae sana kwa kuta za matundu na kwa kufunika ncha. Lakini ni laini, linapinda, na kipande chake si kirefu, kwa hiyo si la kutumainiwa kubeba mgongo mzima wa pua. Nimesoma na kusikia mipango inayotumia masikio yote mawili ili kuepuka ubavu hata pale fremu nzima imeanguka, nami huiona ni kumkopesha mgonjwa deni atakalolilipa kwa upasuaji wa tatu.

Gegedu la ubavu, mara nyingi la ubavu wa sita, wa saba au wa nane, lina wingi na nguvu ambazo vyanzo vingine havina. Huchukuliwa kwa mkato wa sentimita chache, na kwa wanawake mkato huo huweza kufichwa kwenye mkunjo chini ya titi. Kifua huuma, hasa mtu anapocheka, kukohoa au kugeuka kitandani, kwa wiki moja hadi mbili. Hatari ya kutoboa utando wa pafu ipo, ingawa ni nadra, na hugunduliwa kwa kujaza maji pale palipochukuliwa gegedu na kutazama kama mapovu yanatoka mapafu yanapopulizwa. Kadiri umri unavyoongezeka gegedu hili huota chokaa, likawa gumu kuchonga na rahisi kuvunjika, kwa hiyo baadhi ya madaktari huagiza picha ya CT ya kifua kabla ya kuamua.

Kasoro yake kubwa ni kupinda. Mwaka 1958 watafiti Gibson na Davis walieleza kwamba sehemu ya nje na ya ndani ya gegedu la ubavu huvutana, na kwamba kipande hunyooka pale tu nguvu hizo zinapobaki sawa pande zote. Tangu hapo mafundi wa kazi hii huchonga kutoka kwenye kiini, pande zote kwa usawa. Kipande kikishachongwa huwekwa kwenye bakuli la maji ya chumvi na kuachwa kwa nusu saa au zaidi huku kazi nyingine ikiendelea, kisha huinuliwa na kutazamwa kwa upande dhidi ya rula: kilichopinda huchongwa tena au hukatwa kwa matumizi mengine, na kilichobaki kimenyooka ndicho kinachoingia puani. Hata hivyo, kupinda baada ya miezi hutokea, na mgonjwa aambiwe.

Ubavu wa mfadhili aliyefariki, uliosafishwa kwa mionzi, humwepusha mgonjwa na kidonda cha kifua na hufupisha saa za upasuaji. Mashaka yake ni kwamba hauna seli hai, na kwa baadhi ya wagonjwa hunyonywa na mwili polepole, ingawa wengine hukaa nao miaka bila tatizo. Kwa mtu mwenye umri mkubwa ambaye ubavu wake umejaa chokaa, au ambaye afya yake haivumilii upasuaji mrefu, ni chaguo la haki. Kwa kijana mwenye ubavu mzuri, singelitanguliza.

Vipandikizi vya viwandani, kama silikoni ngumu na polietilini yenye vitundu, havipindi wala havihitaji kidonda kingine. Katika upasuaji wa kwanza, mahali penye ngozi nene na isiyo na kovu, vina watetezi wengi. Katika pua iliyokwisha kupasuliwa hesabu hubadilika, kwani ngozi imekuwa nyembamba, damu ni haba, na kitu kigeni kilichoko chini yake kinaweza kushika maambukizi au kutokeza nje hata miaka mingi baadaye. Polietilini ina ugumu wa ziada: nyama huota ndani ya vitundu vyake, na kuitoa huleta uharibifu. Ikiwa kasoro ya sasa ilisababishwa na kipandikizi kilichotokeza, kurudisha kingine cha aina hiyohiyo ni jambo ambalo sioni hoja ya kulitetea.

Daktari yuleyule au mwingine?

Kurudi kwa daktari wa kwanza kuna manufaa yanayosahaulika kwa sababu ya hasira. Anajua alichokata na alichoacha, ana picha za kabla, na mara nyingine marekebisho madogo huyafanya kwa malipo pungufu. Kwa kinundu kidogo au kovu lililojaa, ikiwa bado mnaongea vizuri na hakukwepa maswali, sioni sababu ya kuhama. Kwa pua iliyopoteza mihimili, mizani huelemea kwa mtu ambaye kazi yake kubwa ni marekebisho na ambaye huchukua ubavu mara kwa mara, hata kama itabidi kumngoja miezi. Dalili ya daktari wa kufaa ni kwamba alitumia muda mwingi akichungulia ndani ya pua kuliko akichora kwenye picha ya kompyuta, na kwamba yuko tayari kusema hapana. Atauliza pia jinsi mgonjwa anavyoishi na sura yake. Mtu anayefikiria pua saa nyingi kila siku kwa kasoro ambayo wengine hawaioni anaweza kuwa na ugonjwa wa kuhangaikia kasoro za mwili, na huyo upasuaji wa pili kwa kawaida humwongezea mateso, ilhali matibabu ya kisaikolojia yanaweza kumsaidia.

Kwa vyovyote vile, iombe ripoti ya upasuaji wa kwanza kwa maandishi kabla ya miadi. Ndiyo inayoonyesha kama gegedu la ukuta wa kati lilichukuliwa, kama masikio yaliguswa, na ni kitu gani kilichowekwa ndani. Ikikosekana, daktari wa pili atajua ukweli pale tu ngozi itakapoinuliwa, kwa hiyo ruhusa ya kuchukua gegedu la sikio na la ubavu inabidi isainiwe kabla ya dawa ya usingizi, hata kama mwishowe hakuna kitakachochukuliwa kifuani.